Usukani wa foklifti umekuwa mgumu: fundi mmoja anasema pampu, mwingine anasema obitroli. Nianzie wapi?

Neema wa Ghalani (Kizota)

Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri kabla bosi hajatoa hela.

Mimi ni dereva wa foklifti kwenye ghala la alizeti hapa Kizota, Dodoma. Mashine ni ya dizeli, tani mbili na nusu, imekuja mtumba kutoka Japani. Tangu magunia ya msimu huu yaanze kuingia usukani umekuwa ukikaza kidogo kidogo, na sasa umefika pabaya. Wanaoendesha wanajua: mkono wa kushoto unashika kile kirungu cha usukani, wa kulia unabaki kwenye leva za masti, ule mnara wa kunyanyulia. Mimi siku hizi naachia leva, nashika usukani kwa mikono miwili na kuegemea nyuma kama navuta ndoo kisimani. Jioni mabega yanawaka moto. Na pale ghalani wapakizi wanapita karibu muda wote, hilo ndilo linaloninyima raha kuliko hata maumivu.

Kunyanyua hakuna shida. Paleti ya magunia inapanda mpaka juu bila kusita, na masti inalala mbele na nyuma vizuri. Oili ya haidroliki iko kwenye alama, haina povu wala haijawa nyeupe. Asubuhi na mchana ugumu ni ule ule. Uma, zile chuma mbili za kubebea mzigo, zikiwa tupu usukani ni mgumu zaidi, nikibeba mzigo unalegea kidogo, jambo ambalo mimi naliona kinyume kabisa. Nikikata kona nasikia mlio mwembamba wa pampu, hata kabla usukani haujafika mwisho. Na huku nyuma kushoto kuna mkwaruzo ninapogeuza, vijana wanasema ni kokoto kwenye tairi.

Fundi wa kwanza alisikiliza ule mlio akasema pampu imekufa, mpya ni Sh 1,800,000 bila ufundi. Wa pili akasema siyo pampu, ni obitroli, kile kifaa cha chini ya usukani kinachogawa oili, anaweza kuagiza iliyotumika kutoka Dar ije na basi. Wote wawili hawakupiga jeki wala kufungua chochote. Bosi anataka jibu Jumatatu. Mnasemaje?

Mtu wa Kibaigwa

Pole dada. Mimi niko Kibaigwa sokoni, tunapakia mahindi. Yetu nayo ilikaza usukani, pampu ikawa inalia kama yako. Kilichotusaidia ni kitu kidogo sana. Fundi alifungua mfuniko wa tangi la haidroliki mashine ikiwa inaunguruma, tukasikia tangi linavuta hewa fyuuu, na usukani ukalainika palepale. Kumbe kile kitundu cha kupumulia kwenye mfuniko kilikuwa kimezibwa na vumbi la mahindi lililochanganyika na oili. Oili ikishuka kwenye tangi hewa haiingii, pampu inanyonya kwa shida. Tuliosha mfuniko kwa dizeli, tukaukausha kwa upepo, kazi ikaendelea. Huko kwenye alizeti mna maganda mengi kuliko sisi, anza na hapo, ni bure.

Juma Spana

Hiyo ni obitroli, nimeziona nyingi. Ila kabla hujanunua mwaga oili yote uweke nzito zaidi, namba 68, usukani unaweza kulainika ukasukuma nao msimu.

Babu Haidroliki (Nala)

Neema, mwambie bosi wako hela aziache kwenye droo kwanza. Kazi yangu ni mitambo ya kunyanyulia, na kitu kinachoniuma katika kazi hii ni kuona pampu nzima inang'olewa kwa sababu tu imesikika ikilia. Pampu huweza kulia kwa ubovu wake yenyewe, kwa kukosa oili ya kunyonya, au kwa sababu inasukuma kitu kilichokataa kusogea. Sikio peke yake haliwezi kutenganisha hayo matatu. Inabidi upime.

Nitaeleza kidogo ili umweleze na bosi. Kwenye foklifti kama yako hakuna chuma kinachounganisha usukani na matairi ya nyuma, ambayo ndiyo yanayokata kona. Chini ya usukani kuna obitroli. Unapozungusha, inapima oili na kuipeleka upande unaotaka. Oili hiyo inakwenda kwenye silinda iliyolala kwenye ekseli ya nyuma, silinda inasukuma viungo viwili, kimoja kushoto kimoja kulia, na viungo vinazungusha shingo za matairi juu ya kingpini, ile pini nene iliyosimama wima. Kwa hiyo njia ina sehemu mbili. Ya kwanza ni ya oili: tangi, pampu, valvu, obitroli, silinda. Ya pili ni ya chuma: viungo, kingpini, beringi, tairi. Mafundi wako wawili wote wamebishana juu ya ile ya kwanza. Ya pili hakuna aliyeigusa.

Sasa nirudi kwenye maneno yako mwenyewe, maana umeandika vizuri.

Umesema kunyanyua kuna nguvu. Kwenye mashine nyingi za ukubwa huo pampu ni moja, inalisha masti na usukani, na kuna valvu inayoupa usukani haki yake kwanza, kinachobaki ndiyo kinakwenda kwenye masti. Presha ya kunyanyulia ni kubwa kuliko ya usukani. Pampu iliyolika ndani ingeonekana kwanza kwenye mzigo mzito: paleti inapanda kwa kusuasua au inagoma kabisa. Pampu ambayo haijashindwa na paleti yako ya magunia haiwezi kuwa imeshindwa na usukani.

Umesema asubuhi na mchana ni ule ule. Oili ya baridi ni nzito, ikipata moto inakuwa nyepesi. Pampu au obitroli iliyolika huvujisha ndani kwa ndani, na uvujaji huo unaongezeka oili inapokuwa nyepesi. Kwa hiyo ungeona asubuhi afadhali, saa nane mchana jua la Dodoma likiwa limewaka unatamani kushuka. Wewe huoni tofauti. Jaribu pia hili kesho: simama mahali pa wazi, zungusha usukani mashine ikiwa sailensi, yaani inaunguruma bila kukanyaga mafuta, halafu kanyaga mafuta kidogo uzungushe tena. Ukilainika sana kwa kukanyaga, oili haitoshi na tutarudi upande wa pampu. Usipobadilika, tuna sababu nyingine ya kuangalia chuma.

Hilo la uma kuwa tupu si kinyume hata kidogo. Foklifti ya tani mbili na nusu yenyewe ina uzito wa tani tatu na nusu mpaka nne, na ikiwa tupu zaidi ya nusu ya uzito huo umekaa kwenye ekseli ya nyuma, kwa sababu ya lile pande la chuma la kusawazishia mzigo. Ukibeba mzigo mbele, tairi za mbele zinakuwa ndiyo egemeo na nyuma kunakuwa kwepesi. Kwa hiyo kila foklifti ina usukani mzito zaidi ikiwa tupu. Lakini kwenye mashine nzima tofauti hiyo dereva haihisi, oili inaibeba. Wewe unaihisi, na huenda ni kwa sababu kuna kitu kinachoongezeka ugumu kila kinapobebeshwa uzito. Beringi iliyolika hufanya hivyo.

Halafu mlio. Ukikata usukani mpaka mwisho, tairi linagonga kizuizi, presha inapanda, valvu ya kupunguza presha inafunguka na unasikia mlio. Huo ni wa kawaida, mradi usishikilie usukani pale. Wewe unausikia katikati. Maana yake presha inafika juu wakati tairi bado lina nafasi ya kugeuka. Kuna kinacholizuia.

Na mkwaruzo nyuma kushoto. Kokoto kwenye tairi inakwaruza hata ukiwa unakwenda mbele moja kwa moja. Yako inakwaruza ukigeuza. Hapo ndipo ningeanza.

Ndugu wa Kibaigwa yuko sahihi kwa mashine yake, na kufungua mfuniko wa tangi ni kipimo kizuri ambacho kila mtu afanye, kwa sababu hakina gharama. Ila tangi likikosa hewa pampu nzima inakosa oili, na masti nayo ingepungua kasi. Mara nyingi pia oili inatoa povu. Fungua mfuniko hata hivyo, usikilize, uondoe hilo kwenye orodha.

Ndugu Juma, kwa heshima, namba 68 hapana. Mashine nyingi za aina hii zimeandikiwa 32 au 46, na kitabu au kibao cha mashine ndicho cha kufuata. Ukiweka nzito, asubuhi ya Juni au Julai hapa Dodoma pampu itanyonya kwa taabu na utakuwa umeongeza tatizo la pili. Na kwa wanaosoma: nimeona watu wakijazia oili ya breki kwenye tangi la haidroliki kwa sababu ilikuwa karibu. Oili ya breki inaharibu sili za mpira za haidroliki. Ikiingia, unabadilisha sili kuanzia silinda ya usukani mpaka za masti.

Kipimo chenyewe ni hiki, na kifanywe na fundi, wewe simama uangalie. Mashine kwenye sakafu ngumu, siyo uwanjani kwenye udongo. Uma zishushwe mpaka chini, breki ya mkono, vigingi mbele na nyuma ya matairi ya mbele. Jeki ipigwe chini ya lile pande zito la nyuma au pale kitabu kinapoonyesha, isipigwe chini ya ekseli, maana ekseli ya nyuma ya foklifti inacheza kama mizani kwenye pini ya katikati na chesisi inaweza kulala upande. Jeki iwe ya uwezo mkubwa, huko nyuma kuna zaidi ya tani mbili. Tairi zikiachana na sakafu, weka magogo ya mbao ngumu chini ya chesisi kabla mtu hajaingiza hata kidole. Matofali ya saruji marufuku, yanapasuka bila kutoa taarifa.

Kwanza washa mashine, zungusha usukani tairi zikiwa hewani. Ukiwa mwepesi kabisa, angalia upepo wa matairi ya nyuma kabla ya kitu kingine. Tairi za nyuma za mashine hizo zinataka upepo mwingi kuliko gari dogo, namba iko kwenye kibao cha mashine. Lililolegea linakumbatia sakafu na kukaza usukani. Ukiwa bado mgumu au unakwenda kwa kushtuka, zima. Toa pini zinazounganisha viungo na shingo za tairi, pande zote mbili. Sasa silinda haishiki chochote. Shika tairi la kulia uligeuze kwa mkono, halafu la kushoto. Tairi zima linageuka kwa mkono mmoja. Lililogoma ndilo linalomfanya bosi wako aandae Sh 1,800,000.

Yakigeuka yote mawili kwa wepesi, basi nitakubali ni oili, na tutafunga geji ya presha kwenye bomba la mpira linaloingia obitroli. Andika hapa matokeo.

Neema wa Ghalani

Shikamoo babu. Asante sana kwa kujitolea muda wako, nimesoma yote na nimempa bosi simu asome.

Leo nimejaribu sailensi na kukanyaga mafuta. Hakuna tofauti yoyote, zaidi ya mlio kuongezeka. Mfuniko wa tangi nimeufungua, haukuvuta hewa, ila nimeuosha. Upepo wa matairi uko sawa. Fundi wa jeki anakuja kesho, bosi amekubali kumlipa kwa kupima tu.

Swali moja: tunaisafisha mashine kila Jumamosi kwa maji ya presha kwa sababu ya vumbi la alizeti. Inaweza kuwa inahusika?

Babu Haidroliki (Nala)

Marahaba mjukuu wangu. Inaweza kuhusika sana. Maji ya presha yakielekezwa karibu kwenye shingo za tairi yanapita sili za kingpini, yanaosha grisi na kuacha kutu. Vumbi la alizeti lina mafuta ndani yake, linaganda kwenye nipo za grisi, vile vichuchu vya kuingizia grisi, na kuziziba. Unapampu, grisi inatoka pembeni ya nipo, mtu anafuta anaona imejaa, kumbe ndani hakijaingia kitu. Mwambie fundi aangalie nipo ya chini kushoto kabla hajafungua chochote.

Kwa kesho jambo moja la usalama. Kama atatoa tairi, rimu za foklifti nyingi ni za vipande viwili vilivyofungwa kwa boliti. Kuna nati zinazoshika tairi kwenye habu na kuna nati zinazoshika vipande vya rimu pamoja. Akilegeza hizo za pili tairi likiwa na upepo, rimu inaruka na inaua. Upepo wote utolewe kwanza, valvu ing'olewe, ndipo spana iguse nati.

Dereva Ihumwa

Naomba kuuliza pembeni kidogo. Yetu ni ya betri, usukani unakaza halafu unarudi wenyewe. Maelezo ya babu yanahusu na sisi?

Babu Haidroliki (Nala)

Nusu. Upande wa chuma ni ule ule, kipimo cha jeki fanyeni vile vile. Ila nyingi za betri zina mota ya umeme ya pekee kwa ajili ya usukani, kwa hiyo kukaza na kurudi kunaweza kutokea kwenye waya uliolegea, betri iliyochoka au mota yenyewe. Angalia kama inakaza zaidi chaji ikiwa chini. Fungua uzi wako utuelezee, hapa tummalizie Neema.

Neema wa Ghalani

Babu, wakuu, matokeo haya hapa.

Tairi zikiwa hewani na mashine imewashwa, usukani ulizunguka lakini kwa kushtukashtuka, na mlio ule ule katikati. Tukazima, fundi akatoa pini. La kulia niligeuza mimi mwenyewe kwa mkono mmoja, likaenda mpaka mwisho na kurudi. La kushoto nililisukuma kwa mguu halikutikisika. Fundi alichomeka kipande cha bomba ndipo likasogea, kwa ule ule mkwaruzo.

Nipo ya chini kushoto haipokei grisi kabisa. Fundi aliing'oa, tundu lake limejaa kitu cheusi kilichokauka, akakichokoa na waya kikatoka vipande vipande, vingine bado vina maganda ya alizeti. Na pale sili ya chini inapokaa kuna vumbi jekundu la kutu limemwagika mpaka kwenye rimu. Upande wa kulia hakuna hilo vumbi.

Bosi alikuwepo, ameona kwa macho yake. Pampu amesahau. Anauliza sasa tununue nini, na je tuendelee kuitumia mpaka spea zifike? Malori mawili yako getini.

Juma Spana

Kweli babu, hapo ni kingpini. Neema hongera. Spea za hizo Kariakoo zipo nyingi.

Babu Haidroliki (Nala)

Vumbi jekundu lililo chini ya sili ni beringi inayosagika. Ndani mle kuna beringi za sindano juu na chini, na moja ya bapa inayobeba uzito. Grisi ikikauka sindano zinaacha kuzunguka, zinaburuza, zinalika na kuchimba kingpini yenyewe.

Kuendelea kuitumia, hapana. Najua malori yako getini. Lakini beringi ikivunjika ndani tairi linaweza kukwama likiwa limekata, mashine ina paleti juu, wapakizi wako pembeni. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri aweke mitambo katika hali salama, na mashine ambayo dereva anaachia leva ili aweze kuigeuza haiko katika hali salama. Mwambie bosi hivyo kwa lugha nzuri, mimi nakuunga mkono. Hayo malori yapakuliwe kwa mikono au akodi foklifti ya jirani.

Spea: msiagize kwa kukisia. Fundi afungue kwanza. Kuna boliti la kufungia kingpini, alitoe, aondoe vifuniko vya juu na chini, halafu aisukume kingpini itoke kwa kipande cha shaba au kwa presi. Akigonga kwa nyundo ya chuma moja kwa moja kichwa cha kingpini kitatanuka na hakitapita tena. Anapotoa shingo aangalie vipande vyembamba vya chuma vinavyokaa juu yake, aviweke pamoja na asivipoteze, ndivyo vinavyoondoa mchezo wa juu na chini. Beringi zina namba zimechongwa pembeni. Asafishe, asome namba, ndiyo mpige simu dukani. Kwa namba hizo unapata beringi hiyo hiyo hata kwenye duka lisilojua foklifti ni nini.

Kingpini ipitishwe ukucha wa kidole. Ukucha ukikwama kwenye mfereji, kingpini mpya. Beringi mpya kwenye kingpini iliyochimbika haikai. Upande wa kulia nao wafungue, hata kama unageuka vizuri. Umeoshwa kwa maji yale yale.

Wakati ekseli iko wazi, futa kabisa fimbo ya silinda ya usukani uiangalie kwenye mwanga. Kama ina mikwaruzo au unyevu wa oili kwenye sili, badilisheni na sili. Silinda imekuwa ikisukuma dhidi ya tairi lililogoma kwa muda, imepata taabu. Na mtu yeyote anayetafuta uvujaji mashine ikiwa imewashwa atumie kipande cha boksi, asipitishe mkono. Oili ya presha ikitoka kwenye tundu dogo inapenya ngozi, nje unaona kidoa tu, na ndani mkono unaharibika. Ikitokea ni hospitali saa hiyo hiyo.

Mtu wa Kibaigwa

Babu, kabla hujaondoka, tufundishe na obitroli mbovu inajulikanaje. Huku kila usukani ukikaza jina la kwanza ni hilo.

Babu Haidroliki (Nala)

Kata usukani mpaka mwisho, halafu endelea kuuvuta kwa nguvu ya kawaida. Ukiendelea kuzunguka taratibu wakati tairi halisogei tena, oili inapita mahali. Hapo kuna washukiwa wawili, sili za pistoni ndani ya silinda au obitroli yenyewe. Zima mashine, fungua mabomba mawili ya mpira kwenye silinda, yazibe kwa vizibo vinavyohimili presha, washa, jaribu tena. Usukani ukigoma kabisa kuzunguka, obitroli inashika na uvujaji uko kwenye silinda. Ukiendelea kuteleza, ndiyo obitroli. Dalili nyingine: usukani unaendelea kuzunguka wenyewe baada ya kuuachia, au tairi zinakwenda upande ambao hukuukata. Hiyo mara nyingi ni uchafu ulioingia ndani, na mashine isimamishwe papo hapo.

Obitroli si kifaa kinachokufa ovyo. Inaharibiwa na oili chafu. Anayebadilisha obitroli bila kubadilisha filta na kusafisha tangi atainunua tena.

Neema wa Ghalani

Babu, imekwisha. Beringi ya chini kushoto ilitoka ikiwa unga na vipande, sindano chache tu ndizo zilikuwa nzima. Kingpini ya kushoto ukucha ulikwama, tumenunua mpya. Ya kulia ni laini, tumeirudisha ila beringi na sili mpya. Namba zilisomeka, beringi za sindano tumezipata hapa hapa mjini, ile ya bapa na kingpini vikaja kutoka Dar. Silinda iko sawa. Vyote pamoja na ufundi havikufika hata robo ya bei ya pampu.

Leo nimefanya kazi toka asubuhi. Mkono wa kushoto kwenye kirungu, wa kulia kwenye leva. Mlio unasikika pale mwisho tu wa kukata. Mkwaruzo hakuna.

Bosi anauliza tuoshe vipi sasa, maana vumbi halitaisha mpaka msimu uishe.

Babu Haidroliki (Nala)

Nimefurahi sana, mjukuu wangu. Mpe fundi salamu zangu, amefanya kazi safi.

Vumbi lipulizeni kwa upepo wa kompresa, anayepuliza avae miwani na kuziba pua. Maji yatumike kwenye bodi, yasielekezwe kwenye ekseli ya nyuma, kwenye minyororo ya masti wala kwenye umeme. Ikibidi ekseli ioshwe, grisi ipigwe siku hiyo hiyo kabla mashine haijalala, siyo kesho yake. Futa nipo kwa kitambaa kwanza, pampu taratibu mpaka uone grisi mpya inachungulia kwenye sili ya juu na ya chini. Isipochungulia, nipo imeziba, ing'oe uisafishe. Kuna vifuniko vidogo vya mpira vya kuvalisha nipo, mwuza spea anavyo, nunueni vya pande zote.

Na baada ya wiki moja ya kazi mwambie fundi apige jeki tena, ashike tairi juu na chini alitikise. Beringi mpya zinakaa, mchezo kidogo unaweza kutokea. Ukiwepo, anaongeza kipande kimoja chembamba juu ya shingo, anafunga.